Siku nne River Road na gitaa la mjomba

Mgeni anayefika Nairobi kwa mara ya kwanza huonywa mambo mawili: ashike mfuko wake vizuri, na asizubae River Road. Mimi nimeishi katika jiji hili kwa zaidi ya miaka kumi, lakini onyo hilo lilinirudia akilini Jumatatu moja alfajiri niliposhuka kwenye basi la usiku kutoka Homa Bay, nikiwa nimekumbatia gitaa la umeme lililoviringishwa katika blanketi na kufungwa kwa kamba ya katani. Makanga aliniuliza kama nilikuwa nimebeba mtoto mgonjwa. Nilimjibu kwamba hakukosea sana.

Gitaa hilo halikuwa langu. Lilikuwa la mjomba, kaka yake mama, ambaye katika miaka ya 1980 alikuwa mpiga solo wa bendi moja ndogo iliyozunguka mabaa na kumbi za miji ya kando ya ziwa. Bendi ilivunjika kama zinavyovunjika bendi nyingi, kwa ugomvi wa pesa, na mjomba akarudi shambani. Alibaki na gitaa na amplifaya yake. Mwaka nilioitwa katika chuo cha uandishi wa habari, amplifaya ilitoweka sebuleni kwake na karo yangu ya muhula wa kwanza ikapatikana. Hakuna aliyenieleza jambo hilo kwa mdomo. Nilijumlisha mwenyewe.

Gitaa lenyewe liliwekwa chini ya kitanda. Ni nakala ya Stratocaster iliyotengenezwa Japani, rangi yake zamani ilikuwa nyekundu, na mgongo wake umekwaruzwa na bakoli za mikanda ya miaka mingi. Sasa bintiye wa mwisho alikuwa akiolewa Jumamosi, na mjomba alikuwa ameapa mbele ya wazee kwamba wimbo wa kumsindikiza atampigia yeye mwenyewe.

Tatizo lilikuwa nyuzi. Miaka kadhaa iliyopita mtu fulani aliyejiita fundi aliliwekea gitaa hilo nyuzi nyembamba kabisa, zile ambazo wanamuziki huziita za tisa kwa sababu uzi wa kwanza una unene wa sehemu tisa kwa elfu za inchi. Kijana wa vidole laini anazifurahia. Mjomba ana mikono iliyoshika jembe na nyavu za samaki kwa miaka ishirini. Akikandamiza uzi mwembamba namna hiyo, anauvuta bila kujua, na uzi ukivutwa sauti yake hupanda. Kila alichopiga kilikuwa juu kidogo ya pale kilipotakiwa kuwa. Mke wa mjomba, ambaye hajawahi kushika gitaa maishani, alikuwa akikunja uso kule jikoni.

"Hizi ni nyuzi za kuchezea watoto, okewa," mjomba aliniambia. "Nataka za kumi na moja. Zile nzito. Peleka Nairobi."

Nami nilidhani ni kazi ya saa moja. Kununua nyuzi, kufunga nyuzi, kurudi nyumbani. Kumbe!

Msomaji asiyeijua River Road anaweza kuijua kwa pua na masikio kabla ya macho. Kuna harufu ya maandazi na mafuta ya dizeli, kuna utingo wanaoimba majina ya miji, kuna mikokoteni inayopita kwa kasi huku wenyewe wakipiga mbinja, na kutoka katika kila mlango wa tatu kuna spika inayojaribu kuishinda ile ya jirani. Mwandishi Meja Mwangi aliipa barabara hii riwaya nzima mwaka wa 1976, na tangu hapo watu wengi ambao hawajawahi kukanyaga Nairobi wanadhani wanaijua. Wanachokosa ni orofa za juu. River Road ya chini ni ya abiria na wauza mizigo. River Road ya juu, ile ya ngazi za giza, ni ya mafundi. Panda ngazi yoyote utakutana na mshonaji wa suti, mtengeneza meno ya bandia, wasusi, kanisa la watu arubaini, na mpiga chapa wa kadi za arusi, wote katika ukumbi mmoja mwembamba.

Na muziki. Watoto wetu wanaosikiliza nyimbo kwa simu huenda wasijue kwamba miaka ya 1970 sehemu hii ya jiji ndiyo iliyokuwa soko la santuri la Kenya. Wanamuziki walishuka kwenye mabasi ya Nyanza, Magharibi na Ukambani wakiwa na nyimbo kichwani, wakapanda ngazi hizi kuwatafuta watayarishaji, na wengine wakarudi nyumbani na pesa kidogo kuliko walivyotarajia. Hata kabla yao kulikuwa na kizazi cha Fundi Konde, mzaliwa wa Pwani aliyezaliwa mwaka wa 1924 na kuaga mwaka wa 2000, ambaye hutajwa miongoni mwa Wakenya wa mwanzo kabisa kupiga gitaa la umeme. Kulikuwa na Daudi Kabaka, ambaye wimbo wake wa Helule Helule ulichukuliwa na kundi la Waingereza, The Tremeloes, mwaka wa 1968. Kisha benga ikaja na kulikamata gitaa ikalifanya liseme kama nyatiti, ile ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane ambayo mpigaji wake huvaa pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu na kugonga mapigo. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania mwaka wa 1940 na kufariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka wa 2006, ndiye aliyekuwa nabii wa mjomba wangu. Ukimsikiliza mpiga solo wa benga utaelewa kwa nini nyuzi ni jambo la kufa na kupona kwake. Hajifichi nyuma ya chombo chochote. Anachopiga ni uzi mmoja mmoja, kwa kasi, kule juu karibu na mwili wa gitaa, na kila uzi ukikosea kila mtu anasikia.

Niliulizia, nikaelekezwa, nikapotea, nikaelekezwa tena. Hatimaye niligonga mlango wa chumba kimoja katika orofa ya tatu, si mbali na Tea Room. Fundi niliyemkuta ni mzee aliyepita umri wa miaka sitini, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Aliniomba nisimtaje jina gazetini kwa kuwa wateja alio nao wanamtosha. Ukutani kulining'inia magitaa tisa, mengine bila shingo, mengine bila tumbo. Alianza kazi kwa kutengeneza redio, akaniambia, na akaingia katika magitaa kwa sababu wanamuziki ndio waliokuwa wakikosa kulipa redio.

Nilimweleza haja yangu. Hakujibu. Aliligeuza gitaa la mjomba, akalishika mwishoni karibu na tumbo na kulielekeza dirishani, akalitazama kutoka kichwani kama mtu anayelenga shabaha kwa bunduki.

"Kijana," akasema, "unajua nyuzi hizi zinavuta kilo ngapi?"

Sikujua. Hebu na wewe ukisie. Seti ya nyuzi za tisa ikikazwa mpaka sauti yake ya kawaida inaivuta shingo ya gitaa kama hili kwa nguvu ya karibu kilo 38. Seti ya kumi na moja inavuta kwa zaidi ya kilo 50. Mzee alinionyesha nje ya dirisha, chini barabarani, hamali aliyekuwa amejitwika mfuko wa saruji. "Ule mfuko," akasema, "ndio unaotaka niutundike hapa. Usiku na mchana. Na kipande cha mbao chenyewe ni kama mguu wa stuli."

Hapo ndipo nilipopata kufahamu kwamba kubadilisha nyuzi za gitaa la umeme si kama kubadilisha kamba za viatu. Gitaa zima limetulia kwa mapatano kati ya nyuzi zinazovuta upande mmoja na vitu vingine vinavyovuta upande wa pili. Ukiongeza nguvu upande mmoja bila kuongeza upande wa pili, kila kitu kinainama.

Cha kwanza kuinama ni shingo. Ndani ya shingo, chini ya ule ubao wenye freti, kuna ufito wa chuma uliofichwa. Kampuni ya Gibson ya Marekani ndiyo iliyojipatia hataza ya ufito wa kurekebishika katika miaka ya 1920, kwa kazi ya mfanyakazi wake aliyeitwa Thaddeus McHugh, na karibu kila gitaa la umeme la leo lina ndugu wa ufito huo. Mwisho wake kuna nati. Ukiikaza nati, ufito unairudisha shingo nyuma dhidi ya nyuzi. Ukiilegeza, nyuzi zinashinda. Nyuzi zikiwa nzito zaidi, nati hukazwa zaidi. Ni hesabu ya mizani tu.

Lakini nati ya gitaa la mjomba ilikuwa na kutu. Miaka ya unyevu wa ziwa chini ya kitanda ilikuwa imefanya kazi yake. Mzee aliijaribu kwa bisibisi, polepole, kisha akaiondoa bisibisi na kuiweka mezani.

"Nikikaza na ufito ukakatika," akasema, "shingo hii haina dawa. Haitapiga arusi wala matanga."

Alinipa njia nyingine mbili. Ya kwanza, tuweke nyuzi za kumi, ambazo huvuta kama kilo 47, na tuombe Mungu. Ya pili, tuweke za kumi na moja lakini tuzishushe kwa nusu sauti ili mvuto upungue. Hiyo ya pili si hila ya River Road pekee. Mpiga gitaa wa Marekani, Stevie Ray Vaughan, aliyekufa mwaka wa 1990, alisifika kwa nyuzi nene za kumi na tatu, lakini alizishusha kwa nusu sauti. Mimi binafsi niliipenda ile ya kwanza. Sikuwa na moyo wa kurudi Homa Bay na gitaa lililovunjika shingo, kwa mtu aliyeuza amplifaya yake kwa ajili yangu.

Nilishuka ngazi ili nipate hewa, nikampigia mjomba simu. Nilimweleza yote: kutu, ufito, kilo, hatari. Kuhusu kushusha sauti alikataa papo hapo. Kinanda cha kanisa ndicho kitakachopiga pamoja naye, na mpigaji wake ni kijana anayejua funguo tatu tu. Ukimhamisha nusu sauti umempoteza. Kuhusu nyuzi za kumi alinyamaza. Nilisikia kuku na, kwa mbali, sauti ya mke wake.

"Okewa," hatimaye akasema, "gitaa likikaa chini ya kitanda halivunjiki. Mwambie mzee akaze."

Nilirudi na jibu. Mzee alicheka kwa mara ya kwanza. Alilegeza nyuzi zote, akadondosha tone moja la mafuta mepesi ya cherehani kwenye nati, na kuniambia nirudi kesho. "Kutu haiharakishwi," alisema.

Nilikuwa na saa nyingi za kupoteza, nikazunguka. Ukitoka River Road ukaingia Luthuli unakuwa umeingia dunia ya spika. Mtaa huo ulibadilishwa sura mwaka wa 2019, magari yakapewa njia ya upande mmoja na wenda kwa miguu wakapata nafasi na viti vya kukalia. Nilikaa kimoja. Mbele yangu, nyuma ya kioo, kulikuwa na amplifaya ya gitaa, nyeusi, yenye vifungo sita. Nilikuwa nimeitazama kwa robo saa kabla mwenye duka hajatoka kuniuliza kama nanunua. Nilimwuliza bei. Aliniambia. Nilimshukuru, nikaenda kununua nyuzi katika duka la vyombo vya muziki, seti moja ya kumi na moja kwa shilingi 1,300. Ushauri mdogo kwa atakayefuata nyayo zangu: fungua pakiti papo hapo dukani na upitishe vidole kwenye nyuzi. Kuna nyuzi bandia mjini, na uzi bandia una kutu kabla haujafika nyumbani.

Jumanne mzee aliniruhusu nitazame. Kwanza hakukaza. Alizungusha nati kinyume, kuilegeza, kidogo mno, mpaka ikatoa mlio kama mlango wa ghala. Alipangusa kutu, akatia mafuta tena, akaitoa kabisa na kusafisha uzi wa skrubu kwa brashi ya meno. Kisha aliilaza shingo juu ya goti lake na kuisukuma nyuma kwa kiganja, taratibu, ili mkono wake ufanye kazi ambayo angeufanyisha ufito, na wakati huo huo akazungusha nati kulia kwa robo ya mzunguko. Robo tu. Alinieleza kwamba wanaoharibu magitaa ni wale wanaozungusha mzunguko mzima kwa hasira. Nilikuwa nimeshikilia ukingo wa meza yake bila kujua.

Ufito haukukatika.

Ndipo akafunga nyuzi mpya, moja moja, na akazikaza mpaka sauti yake kwa kutumia kipimio kidogo cha betri. Hapo jambo jipya likatokea. Daraja la Stratocaster, kule nyuzi zinakoishia, halikugandishwa kwenye ubao. Linaelea, na nyuma ya gitaa, chini ya kifuniko cha plastiki, kuna springi zinazolishikilia. Nyuzi nzito zilizishinda springi tatu za mjomba na daraja likainua mkia kama bata anayezamia. Ukikaza uzi wa kwanza, wa sita unalegea; ukikaza wa sita, wa kwanza unashuka. Unaweza kukimbizana nazo siku nzima. Mzee alitafuta katika kopo la maziwa la bati lililojaa takataka za thamani, akapata springi mbili zaidi, kwa maana nafasi za springi huwa tano. Kisha akakaza skrubu mbili zinazozivuta, mpaka daraja likalala sawasawa. Mjomba hatumii ule mkono wa kutikisa sauti, aliutupa zamani. Kwa hiyo mzee alilaza daraja likagusa ubao kabisa, lisiende popote.

"Sasa tuliache lilale," akasema. Mbao, kumbe, huchelewa kuamini. Shingo iliyopata mzigo mpya huendelea kusogea kwa saa kadhaa, na anayepima mara moja hupima uongo.

Jumatano ilikuwa siku ya mambo madogo madogo, na kwangu ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote. Mzee alibonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na kwenye freti ya mwisho kwa wakati mmoja, ili uzi huo uwe rula, kisha akachungulia nafasi iliyobaki katikati, juu ya freti ya saba. Alichomeka kadi ya biashara. Ilipita kwa shida kidogo. Hivyo ndivyo alivyotaka: shingo isiwe imenyooka kabisa, maana uzi ukipigwa hucheza katikati na unahitaji nafasi ya kucheza, lakini isipinde kiasi cha kupitisha sarafu. Aliongeza robo nyingine ya nati, akachomeka kadi tena, akaridhika.

Kule kichwani nyuzi hupita katika vijia vilivyochongwa kwenye kipande kidogo cha mfupa. Mzee hukiita kizingiti, na mimi sijapata neno zuri zaidi. Vijia vya mjomba vilikuwa vimechongwa kwa ajili ya nyuzi nyembamba, na uzi wa sita wa sasa ni wa sehemu 49 kwa elfu mahali pa 42. Ulikuwa umekaa juu ya kijia chake kama mtu mnene katika kiti cha matatu. Kila alipokaza, uzi ulikwama, kisha ukaruka kwa mlio mdogo na sauti kupita kiasi. Katika nchi za wenzetu kuna tupa maalumu kwa kazi hii, moja kwa kila unene. Mzee alichukua kipande cha uzi wa zamani wa gitaa la besi, uliokwaruza kama msumeno, akakipitisha kwenye kijia mara nne, akapima, akapitisha mara mbili zaidi. Alikuwa mwangalifu kupanua bila kuchimba. Ukishachimba chini sana uzi hugonga freti ya kwanza na mfupa huo unautupa. Kisha akachukua penseli ya mtoto wa shule na kupaka unga wake mweusi ndani ya vijia vyote sita. Nilidhani ananitania. Unga wa penseli hulainisha, na uzi ukawa unateleza kimya.

Baadaye alipandisha nyuzi kwa nywele tu, mpaka kwenye freti ya kumi na mbili kukawa na nafasi ya karibu milimita mbili chini ya uzi mnene na chini ya hapo kidogo kwa mwembamba. Alishusha pia zile pikapu tatu zilizo chini ya nyuzi. Hapa simaanishi magari ya kubebea mboga za Wakulima Market, bali sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba ambazo huusikia uzi wa chuma ukitetemeka na kuugeuza mtetemo kuwa umeme. Uzi mnene una chuma kingi zaidi. Sumaku ikiwa karibu mno inauvuta na sauti inayumba kama ya mlevi.

Jambo la mwisho ni lile ambalo wapigaji wengi wa mitaani hawalifanyi kamwe. Freti ya kumi na mbili iko katikati kabisa ya urefu wa uzi, milimita 324 kati ya 648. Ukiugusa uzi hapo bila kuubonyeza na kuupiga, unapata sauti nyororo kama kengele. Ukiubonyeza na kuupiga, sauti hiyo hiyo inatakiwa itoke. Kwa gitaa la mjomba hazikuwa sawa. Iliyobonyezwa ilikuwa juu, maana uzi mnene ni mgumu na ukibonyezwa unajivuta zaidi, kwa hiyo unahitaji urefu kidogo wa kufidia. Mzee alizungusha skrubu ndogo nyuma ya daraja na kukirudisha nyuma kiti cha kila uzi, akapiga, akapima, akarudisha tena. Uzi wa sita ulikataa. Kiti chake kilifika mwisho kabla sauti haijakaa sawa, kwa sababu springi yake ndogo ilijaa nyuma yake. Mzee aliitoa, akaikata nusu kwa koleo, akairudisha. Ikatosha.

Inafaa nikiri kwamba nyuzi nyembamba zenyewe si laana, ingawa mjomba husema hivyo. Katika miaka ya 1950 seti zote za dukani zilikuwa nzito, hata uzi wa tatu ukiwa umezungushiwa waya, na vijana wa Marekani waliotaka kuvuta sauti kwa vidole walikuwa wakiiba uzi mwembamba wa banjo na kuufunga kwenye gitaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mfanyabiashara wa California, Ernie Ball, akaanza kuwauzia seti nyepesi iliyo tayari. Nusu ya nyimbo za gitaa tulizokua nazo redioni huenda zisingekuwapo bila nyuzi hizo. Ila zilitengenezewa mikono mingine.

Mzee alichomeka gitaa katika amplifaya yake iliyokosa kifuniko na kupiga vipande vitatu vya benga, vizuri kuliko nilivyotarajia. Wasusi wa chumba cha pili walinyamaza. Kijana wa kuuza kahawa alisimama mlangoni na birika lake mpaka kipande kikaisha. Nililipa nilichoambiwa bila kupatana, jambo ambalo sijawahi kufanya River Road kabla wala baada ya siku hiyo, na mzee akanipa nyuzi za zamani zikiwa zimeviringishwa vizuri. "Rudisha," alisema. "Mwenye gitaa atataka kuziona."

Alhamisi usiku nilipanda basi. Ijumaa asubuhi nilimkuta mjomba ameketi chini ya mwembe, amenyoa ndevu, akijifanya hanisubiri. Alifungua kamba ya katani fundo baada ya fundo. Hakuikata. Alilitazama gitaa kutoka kichwani, kama mzee wa River Road alivyofanya, akapapasa kizingiti kwa kucha, akaligeuza na kugonga kifuniko cha springi. Nilimpa nyuzi za zamani. Alizitupia mbuzi.

"Ulilipa ngapi?" akauliza. Nilimtajia nusu.

Kisha nikamweleza kwamba ile amplifaya ya kanisa ingefika kesho asubuhi pamoja na kinanda, na kwamba ile nyingine, niliyoiona Luthuli, bado sijaweza. Sikuwa nimepanga kuitaja. Ilitoka tu. Mjomba alinitazama kwa muda, na nikajua kwamba amejua kwamba najua.

Gitaa la umeme lisipokuwa na amplifaya ni kitu kipole sana. Mtu aliye hatua tano haisikii sauti yake. Uani kulikuwa na wanawake wakichambua mchele, vijana wakipigilia misumari ya hema, watoto, redio. Mjomba aliweka kidole kwenye freti ya kumi na mbili, akakandamiza kwa mkono ule wa jembe, akapiga mara moja. Uzi ulikaa mahali pake.

"Basi nyamazeni nyote," akasema. Bibi arusi akazima redio, akaja kuketi kwenye mkeka karibu na miguu yake, na mjomba akaanza.